Kulenga na Kusawazisha: Istilahi za Vifaa vya Kamera ya Pembe Pana katika Upigaji Picha za Mabango Nakivubo, Kampala

Ikisiri

Watafiti wa mandhari ya lugha hutegemea picha kama data. Katika vichochoro vya biashara vya Nakivubo, Kampala, picha za mabango haziwezi kupatikana kwa ukamilifu bila lenzi ya pembe pana, na lenzi hiyo inapofungwa kwenye kamera ya kipimaumbali huhitaji vifaa viwili vya ziada: kifaa cha kulengea na kifaa cha kusawazishia. Makala haya yanaeleza jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi na kupendekeza istilahi zake za Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba jina la kifaa halina budi kutokana na kazi ya kifaa hicho mkononi mwa mtumiaji, na kwamba lugha ya mafundi tayari ina sehemu kubwa ya msamiati unaohitajika. Makala yanaonyesha pia kwamba upungufu wa usahihi katika kitenzi kimoja tu cha maelekezo unaweza kuharibu data ya siku nzima.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umejikita kwa muda mrefu katika nyanja za sheria, tiba, isimu na teknolojia ya habari. Nyanja ya upigaji picha haijapata nafasi kubwa, pengine kwa sababu maneno yake ya msingi, yaani kamera, lenzi, picha na fremu, yamekwisha kukubalika na hayamsumbui mtu. Tatizo hujitokeza tunapotoka kwenye maneno hayo ya msingi na kuingia katika sehemu na viambatanishi vya kamera. Hapo mwalimu wa Kiswahili hujikuta akitaja nusu ya sentensi kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza.

Nchini Uganda jambo hili limepata uzito mpya. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza kama lugha rasmi, pamoja na kukifundisha kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha iliyopewa hadhi hiyo haitoshelezi ikiwa inazungumza katika hotuba pekee. Inapaswa kumwezesha mtu kumwelekeza mwenzake ashike chombo, akitumie na akitengeneze.

Mwandishi wa makala haya hakuanza na nia ya kutafiti kamera. Alikuwa akikusanya mabango ya maduka kwa ajili ya utafiti wa mandhari ya lugha. Makosa aliyoyafanya katika kazi hiyo, ambayo yataelezwa katika sehemu ya sita, ndiyo yaliyozaa makala haya.

Katika kutathmini istilahi tutaongozwa na vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na mwanaistilahi wa Uganda, K. B. Kiingi. Kati ya vigezo hivyo tisa, tutatumia vitano vinavyogusa moja kwa moja mada yetu: usahihi, iktisadi, uzalishi, uangavu na ukubalifu. Kigezo cha ukimataifa kitatajwa pale tu kinapohitajika.

2.0 Nakivubo kama Uwanja wa Data

Nakivubo ni eneo la bondeni katika kitovu cha biashara cha Kampala. Linafahamika kwa uwanja wake wa michezo, ulioanzishwa mwaka 1926 kama kumbukumbu ya vita, na kwa mfereji wake mkubwa unaopeleka maji ya mvua na majitaka ya jiji hadi Ziwa Viktoria. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, limepakana na uwanja huo, na vituo vikubwa vya teksi haviko mbali.

Kwa mtafiti wa lugha, eneo hili ni hazina. Kiganda, Kiingereza na Kiswahili hukutana katika mbao za maduka, kuta za majengo na vifurushi vya bidhaa. Hata pale ambapo Kiswahili hakionekani waziwazi, kimo ndani ya Kiganda chenyewe: duka ni *edduuka*, kupima ni *okupima*, na fundi ni fundi. Picha kwa Kiganda huitwa *ekifaananyi*, neno lenye mzizi unaohusiana na kitenzi chetu *kufanana*, ilhali tendo la kupiga picha ni *okukuba ekifaananyi*. Lugha zote mbili hu“piga” picha. Mwingiliano huu ndio unaomvuta mtafiti huko na kamera yake.

Hata hivyo, hazina hii imebanwa. Tuchukue kichochoro chenye upana wa mita 3. Mpiga picha akiegemea ukuta wa upande mmoja ili apige duka la upande wa pili, lenzi ya kawaida ya milimita 50 kwenye filamu ya milimita 35 itamwonyesha upana wa takriban mita 2.2 na kimo cha mita 1.4. Bango linaloanzia juu ya mlango haliingii. Lenzi ya milimita 21, kutoka mahali palepale, humpa upana wa zaidi ya mita 5 na kimo cha takriban mita 3.4. Bango, mlango, bidhaa na maandishi ya ukutani huingia pamoja. Kwa kuwa maana ya bango hutegemea mazingira yake, lenzi ya pembe pana katika kazi hii ni sharti la data kamili.

3.0 Kamera ya Kipimaumbali na Mpaka wa Kidirisha Chake

Katika kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, mpiga picha huona kupitia lenzi ileile inayopiga picha. Kamera ya kipimaumbali hufanya kazi kwa namna tofauti. Huwa na kidirisha cha kutazamia kilicho juu na kando ya lenzi, pamoja na kidirisha kingine kidogo. Taswira za vidirisha hivi viwili huletwa pamoja katikati ya eneo la kutazama. Mpiga picha anapozungusha pete ya lenzi, taswira moja husogea juu ya nyingine, na zinapolingana kabisa huwa umbali umepimwa kwa kanuni ya pembetatu, na lenzi imeelekezwa kwenye umbali huo. Ndiyo maana tunapendekeza jina *kipimaumbali*. Neno hili limefuata utaratibu uleule wa *kipimajoto*, na linasema bila kificho kifaa kinafanya nini.

Ndani ya kidirisha hicho huonekana mistari myeupe inayoonyesha mpaka wa picha kwa kila lenzi. Tutaiita *mistari ya mpaka*. Hapa ndipo tatizo la pembe pana linapozaliwa. Leica M3 ya mwaka 1954, kamera iliyoweka kielelezo cha aina hii, haikuwa na mistari ya mpaka kwa lenzi iliyo pana kuliko milimita 50. Matoleo ya baadaye yaliongeza milimita 35 na kisha 28, na kwa kamera nyingi za ukoo huo 28 ndiyo ikawa mwisho. Lenzi ya milimita 28 hukumbatia pembe ya takriban digrii 75 kutoka kona hadi kona. Ya milimita 21 hufikia digrii 92. Kwa hiyo, anayefunga lenzi ya milimita 21 anaweza kupima umbali kwa kidirisha cha kamera, lakini hawezi kuona mipaka ya picha atakayoipata. Macho yake yanaona machache kuliko lenzi yake. Anahitaji jicho jingine.

4.0 Kilengeo cha Nje

4.1 Kazi na jina

Jicho hilo jingine ni kifaa kidogo cha vioo kinachopachikwa juu ya kamera na kuonyesha eneo lote litakaloingia katika lenzi ya pembe pana. Vipo vya pembe moja, kwa mfano milimita 21 pekee, na vipo vinavyogeuzwa kwa pembe kadhaa. Mwaka 1999 ilitoka hata kamera iliyotegemea kifaa hiki kikamilifu: Voigtländer Bessa-L, ambayo haikuwa na kidirisha cha kutazamia wala kipimaumbali, kwa kuwa ilikusudiwa lenzi pana sana.

Tukiite nini? Mtu anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza hupata *kitafutaji cha mwonekano* au *kitafutaji* tu. Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, mzizi *tafuta* umekwisha kuzoeleka katika nyanja ya kompyuta kwa shughuli za kusaka taarifa. Pili, na hili ni zito zaidi, jina linadanganya. Kifaa cha nje hakitafuti chochote: hakipimi umbali, hakirekebishi ukali wa picha, wala hakijui lenzi imeelekezwa wapi. Mwanafunzi anayeambiwa atumie “kitafutaji” ana haki ya kudhani kwamba taswira ikionekana kwa ukali ndani yake, basi picha nayo itakuwa kali. Sivyo. Ndani ya kifaa hiki kila kitu huonekana kikali wakati wote.

Kazi ya kifaa hiki ni kulenga. Tunapendekeza jina *kilengeo*, kutokana na kitenzi *lenga*, kauli ya kutendea *lengea*, na kiambishi tamati *-o*. Muundo huu unafanana na *pima, pimia, kipimio* na *chuja, chujia, kichujio*. Irabu *e* imeingia badala ya *i* kwa kanuni ya kawaida ya upatanifu wa irabu. Kutokana na neno moja tunapata *kilengeo cha ndani* kwa kidirisha cha kamera yenyewe na *kilengeo cha nje* kwa kile kinachopachikwa.

Mahali pa kukipachikia kifaa hiki juu ya kamera, Waingereza huita kwa jina la kiatu. Tafsiri sisisi ya *kiatu cha kamera* isingefika mbali popote, lakini Nakivubo ingekufa siku ileile: katika eneo ambalo viatu vya mitumba hupangwa chini kwa mafungu, anayeuliza kiatu cha kamera ataonyeshwa raba. *Kipachiko* kinatosha. Kinatokana na kitenzi *pachika*, na kinaelezeka kwa ishara ya mkono mmoja.

4.2 Paralaksi

Kwa kuwa kilengeo cha nje kiko juu ya lenzi, jicho na lenzi havitazami kutoka mahali pamoja. Tofauti hiyo huitwa *paralaksi*. Tunalihifadhi neno hili kwa kigezo cha ukimataifa, kwani linatumika pia katika unajimu na upimaji ardhi, na mwanafunzi atakutana nalo huko.

Tuchukulie kwamba kilengeo kiko sentimita 8 juu ya kitovu cha lenzi, na kwamba vyote viwili vinatazama mbele sambamba. Eneo linaloonekana na lenzi litakuwa sentimita 8 chini ya lile linaloonekana na jicho, na tofauti hiyo haibadiliki kwa umbali. Kinachobadilika ni uzito wake. Kwa lenzi ya milimita 21, kitu kilicho mita 5 mbele kimo katika fremu yenye kimo cha mita 5.7, na sentimita 8 ni kama asilimia 1.4 tu. Kitu kilicho mita 1 kimo katika fremu ya mita 1.14, na sentimita 8 zinakuwa asilimia 7. Zinapotea upande wa juu. Katika bango dogo, hiyo inaweza kuwa mstari mzima wa maandishi, na mara nyingi mstari wa juu ndio wenye jina la duka.

5.0 Pimamaji

Lenzi ya pembe pana haisamehe kamera iliyolala. Ukuta ulio wima hubaki wima katika picha iwapo tu filamu au kihisi cha kamera nacho kiko wima. Kamera ikilazwa nyuma ili itazame juu, mistari wima huanza kukaribiana kuelekea juu, na jengo huonekana likianguka kwa nyuma. Kamera ya digrii 10 nje ya wima yenye lenzi ya milimita 50 hupindisha mstari wima ulio ukingoni mwa picha kwa chini ya digrii 4. Kosa lilelile kwa lenzi ya milimita 21 huupindisha kwa karibu digrii 9. Jicho linalostahimili la kwanza haliwezi kulipuuza la pili.

Dawa yake ni kifaa ambacho kila fundi mwashi anakijua: mrija au kikombe kidogo chenye kimiminika na kiputo cha hewa. Katika ujenzi huitwa *pimamaji*, na hakuna sababu ya kukitafutia jina jipya kwa kuwa tu kimepunguzwa kikatoshea juu ya kamera. Ni kweli kwamba ndani yake kwa kawaida hamna maji bali spiriti. Uangavu wa jina, hata hivyo, haudai ukweli wa kikemia. Jina linakumbusha kanuni ambayo kifaa kinaiiga: maji yakitulia huwa sawa, na kila kilicho kombo hufichuliwa nayo. Pamoja na pimamaji tunayo *timazi*, jiwe au risasi inayoning’inizwa kwa uzi, ambayo hutoa wima kama pimamaji inavyotoa ulalo. Mpiga picha asiye na pimamaji anaweza kuitumia nguzo iliyojengwa kwa timazi kama kielekezi chake.

Zipo aina mbili zinazotufaa. *Pimamaji ya mrija* hupima mwelekeo mmoja. *Pimamaji ya duara* hupima pande zote kwa wakati mmoja, na kiputo chake hutakiwa kukaa katikati ya duara dogo lililochorwa juu ya kioo. Kwa kamera, ya duara ni bora, kwa sababu kamera hukosea kwa namna mbili: inaweza kulala ubavu, na inaweza kulala mbele au nyuma.

Kabla ya kuiamini, pimamaji ijaribiwe kama fundi anavyoijaribu. Iwekwe mahali, kiputo kisomwe, kisha igeuzwe ncha kwa ncha mahali palepale. Kiputo kikikimbilia upande uleule wa chumba, mahali ndipo pabaya. Kikikimbilia ncha ileile ya kifaa, kifaa ndicho kibaya.

6.0 Vifaa Viwili, Kipachiko Kimoja

Hadi hapa tumevieleza vifaa hivi kimoja kimoja. Uwanjani hugombea nafasi moja. Kamera huwa na kipachiko kimoja. Kikikaliwa na kilengeo, pimamaji hukosa mahali. Watengenezaji wamelitatua jambo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni *kipachiko pacha*, bamba linalobeba vifaa viwili kwa pamoja. Ya pili ni kuiweka pimamaji ndani ya kilengeo chenyewe. Kamera ya pembe pana ya Hasselblad iliyotoka mwaka 1954 iliwekewa pimamaji ambayo matoleo yaliyofuata yaliwezesha kuitazama kupitia kilengeo, na kilengeo cha nje cha lenzi ya milimita 30 ya Hasselblad XPan, kamera ya mwaka 1998, nacho kina pimamaji. Faida ni kubwa kwa anayepiga bila mguu wa kamera, kwa maana jicho haliwezi kuwa kwenye kilengeo na juu ya kamera kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo kosa la mwandishi lilipotokea. Katika siku ya kwanza ya kukusanya data, mabango kadhaa ya karibu yalikatwa mstari wa juu kwa sababu ya paralaksi. Siku ya pili mwandishi alimwelekeza msaidizi wake kwa Kiswahili: “Ukishalenga, inua kamera kidogo kabla ya kupiga.” Alikusudia kamera yote ipande kiasi cha sentimita 8, ikiwa wima vilevile, ili lenzi ifike pale kilengeo kilipokuwa. Msaidizi aliinua uso wa kamera. Mistari ya juu ilipatikana, lakini kuta zote zilianguka kwa nyuma, na herufi za mabango ya juu zikasinyaa kiasi kwamba ukubwa wake haukuweza tena kulinganishwa na wa herufi za chini. Kwa utafiti uliokusudia kulinganisha ukubwa wa maandishi ya lugha moja na nyingine, picha hizo hazikuwa na thamani. Kilengeo kilikuwa kizima, pimamaji ilikuwa nzima, na msaidizi alitii alichoambiwa. Kilichovunjika ni kitenzi.

*Inua* katika Kiswahili huweza kumaanisha kukipandisha kitu chote au kukielekeza juu upande mmoja: tunainua mzigo, na tunainua uso. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Katika maelekezo ya ufundi hautuokoi. Tunapendekeza vitenzi vigawanywe katika makundi mawili. Kamera yote inapohama mahali bila kubadili mkao, tuseme *kupandisha, kushusha* na *kusogeza*. Inapobadili mkao bila kuhama, tuseme *kulaza nyuma, kulaza mbele* na *kulaza ubavu*. *Inua* iachwe nje ya maelekezo haya kabisa.

Kwa mgawanyo huo, utaratibu wa kupiga bango la karibu unaelezeka kwa sentensi moja moja: Pima umbali kwa kilengeo cha ndani. Hamia kilengeo cha nje, ulenge. Tazama pimamaji, kamera isilale nyuma wala ubavu. Pandisha kamera kiasi cha umbali kati ya kilengeo na lenzi. Tazama pimamaji tena. Piga. Msaidizi yuleyule, kwa maelekezo haya, alipata mabango kamili yenye kuta zilizosimama.

7.0 Tathmini ya Istilahi

Kwa kigezo cha usahihi, *kilengeo* na *kipimaumbali* vinatenganisha kazi mbili ambazo *kitafutaji* ingezichanganya. Kwa iktisadi, kila jina la msingi ni neno moja, na vifafanuzi huongezwa pale tu vinapohitajika. Kwa uzalishi, *kulaza* limetoa mielekeo yote ya kamera, na *kipachiko* kimezaa *kipachiko pacha* bila taabu. Kwa uangavu, *kipimaumbali* ndilo lenye nguvu zaidi. *Kilengeo* linahitaji maelezo mara moja tu. *Paralaksi* halina uangavu, na tumelikubali kwa kujua hivyo.

Kigezo cha ukubalifu ndicho kigumu, kwa kuwa hakiamuliwi na makala. *Pimamaji* ina nafasi nzuri kwa sababu tayari imo midomoni mwa mafundi ujenzi, na kwa msemaji wa Kiganda nusu ya kwanza ya neno si ngeni. *Kilengeo* bado ni pendekezo. Iwapo wapiga picha wataona *kitazamio* linawajia kwa wepesi zaidi, hatutakuwa na ugomvi nao, mradi wasirudi kwenye jina linaloahidi kazi isiyofanywa na kifaa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwa nini lenzi ya pembe pana kwenye kamera ya kipimaumbali huhitaji kilengeo cha nje na pimamaji, na kwa nini vifaa hivyo viwili havitenganishwi: urekebishaji wa paralaksi ukifanywa vibaya huharibu usawa, na pimamaji ndiyo inayomwonya mpiga picha. Yamependekeza istilahi chache, nyingi zikiwa zimechukuliwa au kujengwa kutokana na vitenzi vya kazi za mikono.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, kamati za istilahi zianze kazi zao kwa kukishika kifaa kabla ya kufungua kamusi ya lugha chanzi, na ziwaite mafundi wanaokitumia. La pili, vitenzi vya maelekezo vipewe uzito sawa na nomino. Orodha zetu za istilahi zimejaa majina ya vitu, ilhali mwanafunzi hupotea pale anapoambiwa akifanyie nini kitu hicho. Mabango ya Nakivubo hubadilishwa kila mara. Duka likihama, bango lake huondoka nalo. Picha iliyokosewa leo huenda isipatikane tena kesho, na neno sahihi ni sehemu ya vifaa vya kuipata.